Re: Uzito wa kiungo ukibadilika, lazima nirudie Dijkstra yote?
Hapana mkuu, Dijkstra (algoriti ya kutafuta njia fupi kutoka nodi ya mwanzo ya grafu hadi nodi nyingine zote) mara nyingi sio lazima uianze upya eti kisa kiungo kimoja, yaani mstari unaounganisha nodi mbili, kimebadilika uzito, ila inategemea umeshuka au umepanda, na hapo ndo wengi wanachanganya.

Ukishuka ni kazi nyepesi. Tuseme kiungo kinatoka u kwenda v, umbali wa u kutoka nodi ya mwanzo ni 4, wa v ni 10, uzito ulikuwa 9 sasa ni 3. 4 jumlisha 3 ni 7, imeshinda 10, basi v iandike 7, itupie kwenye foleni ya kipaumbele (inayotoa kwanza nodi yenye umbali mdogo) halafu endelea na majirani zake kama Dijkstra ya kawaida. Isiposhinda unaacha, umemaliza.

Kupanda ndo shughuli. Kiungo kama hakipo kwenye mti wa njia fupi (viungo ambavyo njia fupi ulizopata zinapitia) usiguse kitu. Kama kipo, v na nodi zote zilizo chini yake kwenye mti ule umbali wao hauaminiki tena, uweke infiniti, kisha kila moja itafutie njia bora inayoingia kutoka nodi ambazo hazijaathirika, zilizopata njia hiyo ndo za kuanzia foleni, halafu endelea na Dijkstra ya kawaida. Usilete uvivu wa kuacha namba za zamani, zitadanganyana zenyewe kwa zenyewe kwenye mizunguko.

Kwa mbinu hii wasome Ramalingam na Reps (1996), na kama unaendesha roboti angalia D* Lite, algoriti ya kupanga njia upya, ya Koenig na Likhachev, 2002. Ila viungo vikibadilika vingi kwa mpigo, we piga tu Dijkstra upya, ukirekebisha kimoja kimoja utapoteza muda bure.