Juisi ya zabibu: sufuria ya lita 20 hadi tanki la lita 500

Mkuu, hiyo juisi kuwa poa kwenye sufuria ya lita 20 halafu tanki la lita 500 inachacha, shida ni lile joto la kuua vijidudu, tanki kubwa linachelewa kushika moto, pembeni panaungua katikati bado vuguvugu. Usikisie kwa macho! Funga sensa mbili za kupima joto, juu na chini, zitume data kwenye simu, na kila bachi (mkupuo mmoja wa juisi) ipe namba yake na uandike: zabibu za Hombolo au Makutupora huko Dodoma, sukari kiasi gani, nyuzi joto ngapi kwa dakika ngapi. Excel inatosha kuanzia, hizo softwea za mamilioni achana nazo kwanza. Chupa ikirudishwa toka soko la Majengo unajua fasta ni bachi ipi, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wakija rekodi unazo.