Kabla ya kumhamisha mtoto kutoka Kayumba (shule ya serikali)

Dada yangu wa Buhongwa, Mwanza, unauliza kama umpeleke mwanao shule binafsi wakati biashara ya dagaa inayumba. Faida ipo: Kiingereza atakizoea mapema, na sekondari masomo mengi ni kwa lugha hiyo. Lakini ada ni mwanzo tu. Kuna basi, sare, michango. Wangu alirudishwa nyumbani katikati ya muhula sababu ya ada. Nilimkuta kakaa mlangoni, begi bado mgongoni. Iliniuma sana.

Serikalini ada hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016. Kama huna akiba ya mwaka mzima, mwache huko, umtafutie tuisheni ya Kiingereza. Ukiwa nayo, nenda kwenye hiyo shule binafsi bila taarifa, omba kuona daftari la darasa la tatu: makosa yamesahihishwa, au ni tiki tupu?