Vunja shina kwanza, jina la sklerenkima litakuja lenyewe

Swali la mtihani lilikuwa fupi: taja tishu ngumu inayoutegemeza mmea, ambayo seli zake zikikomaa huwa zimekufa. Nikaandika "kolenkima" kwa mwandiko mzuri kabisa. Sifuri. Jibu lilikuwa sklerenkima. Usiku mzima nilikuwa nimekariri majina ya tishu tatu za mmea, parenkima, kolenkima na sklerenkima, kama wimbo, na kwa kuwa yote yanaishia sawa, asubuhi yalichanganyika. Wala sikuwa nimewahi kuishika hata moja mkononi nikijua ninachoshika.

Kwa hiyo ukiniuliza namna ya kuisoma mada hii, nitakwambia uanze na shina, jina liwe la mwisho.

Kata kipande cha shina changa, laini, ukiloweke kwenye maji ya chumvi nyingi. Baada ya muda kitalegea kama kamba. Kumbe kilichokuwa kikikisimamisha ni maji yaliyojaa ndani ya seli, na chumvi imeyavuta. Hiyo ndiyo kazi ya parenkima. Sasa tafuta mnanaa. Shina lake lina pembe nne, na kwenye zile pembe ndiko kolenkima iliko. Likunje taratibu: linapinda, ukiliachia linarudi. Kuta za seli zake zimenenepa, lakini seli zenyewe zi hai, na mmea ukirefuka nazo zinarefuka. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi.

Skleros, kwa Kigiriki hichohicho, ni ngumu. Laiti ningeambiwa neno hili moja kabla ya mtihani! Seli ya sklerenkima hujijengea ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, na mara nyingi ukuta huo hupata lignini, kitu kilekile kinachoupa ubao ugumu wake. Ukuta hunenepa kuelekea ndani hadi katikati panabaki tundu dogo tu. Mwishowe seli yenyewe hufa, ukuta ukabaki kazini. Ndiyo maana mmea ukinyauka, majani hulala lakini shina lililokomaa husimama: ukuta mfu hauhitaji maji ili uwe mgumu. Ila ukuta huo hauwezi tena kurefuka, kwa hiyo usiutafute kwa wingi kwenye ncha inayokua. Shuka chini, sehemu iliyokwisha kumaliza kurefuka.

Sklerenkima ina sura mbili, na nazi inazo zote. Makumbi ni nyuzi, yaani seli ndefu, nyembamba, zilizochongoka ncha. Kifuu ni skleridi, seli fupi zilizoshikamana kama mawe ya ukuta. Zile chembe kama mchanga unazozisaga kwa meno ukila peasi nazo ni skleridi. Mimi nilikula peasi miaka mingi nikidhani halijaoshwa vizuri.

Ukipata nafasi ya maabara, omba shina la mboga ya maboga. Chini ya ngozi utaona kolenkima, na ndani zaidi duara la sklerenkima, hivyo unazilinganisha kwenye kipande kimoja. Kemikali iitwayo floroglusinoli, pamoja na asidi hidrokloriki, hugeuza lignini kuwa nyekundu. Vaa glavu na miwani, asidi hiyo haina mchezo. Halafu usifanye kosa langu la pili, la kuita kila chekundu sklerenkima. Mirija ya zailemu, ile inayopandisha maji kwenye mmea, nayo ina lignini, nayo itawaka vilevile. Tazama mahali ilipo na umbo la seli kabla ya kuandika jina kwenye mchoro. Kinyume chake pia kipo: nyuzi za kitani ni sklerenkima halali, lakini lignini yake ni kidogo sana, kwa hiyo rangi inaweza kukuangusha.

Na pamba? Hapa hata walimu huteleza. Katani ni nyuzi za sklerenkima kutoka kwenye jani, kitani kutoka kwenye shina, lakini pamba ni vinyweleo vinavyoota kwenye ngozi ya mbegu, karibu selulosi tupu. Inaitwa uzi kiwandani, ila kwenye karatasi ya mtihani usiiweke kundi moja na katani.

La mwisho ni la wembe wa kukatia vipande vya kutazama kwenye hadubini. Kata vipande kumi au zaidi, kila mara ukilowesha wembe, uvitie vyote majini, kisha uchague kile unachokaribia kutokiona. Slaidi yangu ya kwanza iliyofaa ilikuwa kipande kilichochanika nusu, nilichotaka kukitupa. Pale kwenye mchaniko, seli zilikuwa safu moja tu.