Mumeo Hajakukataza Farasi, Anauliza Hela Iko Wapi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, naishi Makorora hapa Tanga. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja. Tangu utotoni napenda farasi, na nimepata chuo cha Uingereza kinachofundisha utunzaji wa farasi kwa mtandao. Nimeshalipia awamu ya kwanza, laki sita. Mume wangu anapakua mizigo bandarini, amekataa katakata. Anasema kama nataka mambo ya wanyama niende Buhuri. Mama yake aliyeko Handeni naye anachochea, eti nikakae kwake nihudumie punda wake wa kubebea maji. Siku hizi mume wangu kila jioni ananiuliza hesabu za kikoba. Naona wameungana kunizibia riziki. Nifanyeje? – Mpenda Farasi*

Marahaba mwanangu. Kupenda mnyama si kosa, na mwanamke mwenye mtoto kutaka kusoma ni jambo la kushangiliwa. Hapo tuko pamoja.

Ila kuna laki sita umeipitisha haraka. Hujasema umeitoa wapi. Kisha huku mwisho tunaambiwa mumeo anauliza hesabu za kikoba kila jioni. Mwanamume anayetoka bandarini amechoka hakai kuuliza hesabu za kikoba kwa kujifurahisha. Ameshajua kuna pengo, anakupa nafasi uliseme kwa mdomo wako. Angekuwa mwingine angekwenda kumuuliza mweka hazina wenu, na mtaa mzima wa Makorora ungejua. Mimi niko upande wake.

Tena hajakukatalia kusoma. Kakwambia Buhuri. Unajua alichokutajia? Pale pana kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, hapo hapo Tanga, unakwenda asubuhi unarudi kumnyonyesha mwanao. Wanafundisha afya ya mifugo na uzalishaji, ngazi ya astashahada na stashahada, na mtu wa kidato cha nne aliyefaulu masomo ya sayansi anaomba. Ukitoka na stashahada nzuri unaweza kuomba Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo, miaka 5. Huyo ndiye daktari anayeitwa farasi akiugua. Hiyo ni njia kamili, na aliyekuonyesha ni huyo unayesema anakuzibia.

Cheti chako cha mtandaoni kitakufikisha wapi? Nchi hii ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari linaloandikisha watu wa kutibu wanyama. Cheti cha kusoma kwenye simu hakitakupa ruhusa ya kumchoma mnyama sindano. Na huko kwenye simu utainua kwato za nani? Farasi mzima hufika kilo 500. Kwato zake hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na mkataji hukunja mgongo, mguu wa mnyama kaubana kati ya magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu, na hapa kuinama ndiko kazi yenyewe. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota anaweza kufa ndani ya saa chache, na anayeokoa maisha yake ni yule aliyezoea kumwona akiwa mzima, akajua leo hayuko sawa.

Usijidanganye pia kwamba farasi wamejaa nchi hii. Mbung'o, hao nzi tunaowaita ndorobo, wamewazuia tangu zamani. Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walileta farasi kwa maelfu kupigana na Wajerumani huku kwetu, wakafa zaidi kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo hao, kuliko kwa risasi. Upo pia ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wanaouma usiku. Kwa hiyo ajira zipo lakini chache: polisi wana kikosi cha mbwa na farasi, kuna kambi za kitalii za kupanda farasi kule Arusha na Kilimanjaro, na Nairobi kuna mashindano ya mbio za farasi ya Ngong. Anayeajiriwa kwenye nafasi chache hizo ni mwenye mikono iliyozoea na cheti kinachotambulika.

Sasa mama mkwe wako. Umemwandika kama mchochezi, mimi nimemwona mwalimu. Punda na farasi ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwato, meno, tumbo, namna ya kumfunga kamba na kumsogelea bila kupigwa teke, mengi utayajifunza kwa punda. Kuna mabinti wanalipa kupata mazoezi ya namna hiyo, wewe umepewa bure, pamoja na chakula na bibi wa kumlea mtoto. Ukaita kuzibiwa riziki!

Na hili nawaambia wake wa siku hizi wote. Mmejifunza kwamba mume mwema ni yule anayepiga makofi. Ukisema "nataka", aseme "sawa mpenzi", na akiuliza swali moja ameshakuwa adui. Ndoa za mama zetu zilikuwa na mabaya yake mengi, siyatetei, lakini hela ya ndani ilijulikana ilipo. Leo mume ana siri kwenye simu, mke ana siri kwenye kikoba, na wote wanalalamika hawaaminiani. Hela ya kikoba ni ya wanawake wenzako. Kuna mama hapo anategemea mgawo wa mwisho wa mwaka amlipie mwanawe ada.

Leo jioni, kabla hajauliza, mwambie. Taja kiasi, taja siku uliyotoa, usilie kwanza. Halafu waandikie hao wa Uingereza uulize kama hela inarudishwa. Isiporudi, mpange pamoja namna ya kuirudisha kikobani kidogo kidogo. Mpigie mama mkwe, umwombe radhi kwa kumdharau, umuulize lini uende Handeni. Na dirisha la maombi likifunguliwa, nendeni Buhuri wewe na mumeo na vyeti vyako vya kidato cha nne mkononi, mkaulize ada na sifa mkiwa wawili.