Uliza Mwalimu wa Anga: “Mwezi unatikisika, nyota sizipati kabisa”

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimenunua darubini ya lenzi, ubavuni imeandikwa 70 na 700. Imekuja na stendi ya alumini ya miguu mitatu, lenzi za jicho tatu (25, 10 na 4), na kibomba kinachozidisha ukuzaji mara 3. Boksi linajisifu kwamba inakuza mara 525. Mwezi niliupata kwa kubahatisha, lakini ulikuwa unacheza machoni, na ukishatoka siupati tena. Nyota ndiyo usiseme. Nikiweka lenzi ya 4 naona giza tupu. Wanangu wameanza kunicheka. Nimeuziwa kitu kibovu?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mama. Hujauziwa kitu kibovu. Umeuziwa lenzi nzuri iliyowekwa juu ya miguu dhaifu, halafu boksi likakudanganya.

Tuanze na boksi. Namba 70 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na 700 ni umbali wake wa fokasi, yaani milimita kutoka kwenye lenzi hiyo hadi pale mwanga unapokutana. Ukitaka kujua inakuza mara ngapi, gawanya 700 kwa namba ya lenzi ya jicho: ile ya 25 inakupa mara 28, ya 10 mara 70, ya 4 mara 175. Ongeza kile kibomba cha mara 3 kwenye lenzi ya 4, ndipo wakapata hiyo 525 yao. Hesabu ni sahihi, ila matumizi hayapo. Lenzi ya mbele ikifanya vizuri hubeba kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani 140 kwako, na hapo hewa iwe imetulia. Ukipita hapo unatanua ukungu. Kwa hiyo lenzi ya 4 na kibomba virudishe ndani ya boksi. Galileo aliiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) Januari 1610 kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu. Wewe unaanza na 28.

Sasa miguu, maana hapo ndipo penye kazi. Naamini umeivuta yote mpaka mwisho ili uangalie ukiwa umesimama. Irudishe. Vile vipande vya chini, vyembamba, ndivyo vinavyotetemeka, basi visitoke kabisa, na wewe ukae kwenye kiti. Kaza skrubu pale miguu inapoungana na kichwa cha stendi; mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa legelege. Tandaza miguu mpaka mwisho wake, kisha ufunge ile sahani ya katikati: kazi yake kubwa ni kuizuia miguu isicheze, hizo lenzi unazoiwekea juu ni ziada. Chini ya sahani ning'iniza mfuko wa mchanga, uguse ardhi kidogo usije ukabembea. Baada ya hapo piga bomba kwa ncha ya kidole huku ukichungulia, uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde 2, umemaliza. Ikiendelea kucheza, kuna skrubu umeiruka.

Jambo la pili ni kilengeo, kile kidude cha nukta nyekundu kilichopandishwa juu ya bomba. Ukitafuta nyota kwa mara 70 bila kilengeo kilichorekebishwa, ni sawa na kutafuta mtu uwanjani kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Na kilengeo hakirekebishwi usiku. Fanya mchana, jua likiwa mgongoni kwako, na ubaki upande huo huo. Kwanza chomoa kile kiplastiki kinachoizuia betri (wengi hudhani kilengeo kimekufa, kumbe kiplastiki kimo). Weka lenzi ya 25, utafute ncha ya mlingoti au antena iliyo mbali, kilomita moja ikiwezekana. Kitu cha karibu kitakudanganya, kwa sababu bomba na kilengeo haviko mahali pamoja. Iweke ncha hiyo katikati kabisa ya picha, ufunge stendi, halafu usiliguse bomba tena. Geuza skrubu za kilengeo peke yake mpaka nukta ikae juu ya ncha ile ile. Badilisha uweke lenzi ya 10, urudie, kwani sasa kosa dogo litaonekana kubwa. Usiku fifisha nukta, na uache macho yote mawili wazi unapolenga.

Hapa nasema kwa ukali kidogo, hasa kwa kuwa kuna watoto: darubini hii isielekezwe kwenye jua hata kwa mzaha, na kilengeo pia. Ukikuta ndani ya boksi kile kioo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho kwa ajili ya kutazama jua, kivunje ukitupe. Joto lililokusanywa na lenzi linaweza kukipasua ghafla, jicho likiwa papo hapo. Kichujio cha jua cha kuaminika hufungwa mbele, kabla mwanga haujaingia kwenye bomba.

Usiku wa kwanza toa kifuniko cha mbele chote. Vifuniko vingi vina kitundu kidogo chenye kifuniko chake, na wapo wanaofungua hicho tu, kisha wanashangaa mbona giza. Weka lenzi ya 25, ulenge Mwezi, uzungushe kirungu cha fokasi polepole mpaka ukingo wake uonekane mkali, bila ukungu. Stendi yako itakuwa na tabia moja: ukikaza skrubu ya juu na chini, bomba linazama kidogo. Usishindane nayo. Lenga juu kidogo ya unachokitaka, ukaze, kizame chenyewe katikati.

Na kule kutoroka kwa Mwezi si ubovu. Dunia inazunguka, anga linasogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi ya 10 sayari inavuka picha yako ndani ya dakika 3 au pungufu, kwa ya 25 unapata zaidi ya mara mbili ya hapo. Iweke ukingoni upande inakotokea, uondoe mkono, uiache ipite. Hapo ndipo unapowaita wanao wachungulie.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mbona darubini yangu inageuza vitu? Bango la mbali nalisoma kinyume, kama kwenye kioo.
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Nzuri. Kile kipande cha kona unachochomekea lenzi ya jicho kina kioo ndani. Kinakusimamishia picha wima lakini kinabadilisha kulia na kushoto. Ukikitoa, picha itapinduka juu chini pia, na huenda fokasi isifike kwa sababu umepunguza urefu wa njia ya mwanga. Kiache. Sayari ya Zohali (Satani) haina kulia wala kushoto unakoweza kuikosea. Ila ukilinganisha na ramani ya Mwezi, tafuta iliyochorwa kwa kugeuzwa.

SWALI: Nina darubini ndogo kama hizo. Ninunue stendi ya ikweta ili nifuate nyota kwa urahisi?
Mwanafunzi

JIBU: Bado. Stendi hiyo hufuata nyota kwa kuzungushwa kwenye mhimili mmoja, ila inataka mhimili huo uelekezwe kwenye ncha ya anga (ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka) kila unapoitoa, ni nzito, na zile za bei ya chini zinatetemeka vilevile. Fedha hiyo nunua stendi imara ya juu-chini na kulia-kushoto, ikibaki tafuta lenzi ya jicho nzuri ya 15 au karibu na hapo. Na darubini uitoe nje nusu saa kabla ya kuanza. Ikiwa bado na joto la ndani picha huchemka, nawe utailaumu stendi bure.