Sala ikikauka, endelea kuteka
Dada yangu, umeuliza kama Mungu amekuacha kwa kuwa siku hizi unasali na husikii chochote. Hajakuacha. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania (1515–1582), aliifananisha roho na bustani ya Bwana inayonyweshwa kwa njia nne: maji ya kuteka kisimani, gurudumu la maji, kijito, na mvua. Maji hayo ni sala: anayeanza kusali huteka kwa ndoo mpaka mikono inachoka, na kuna siku kisima kinakuwa kikavu kabisa. Hata hapo, anasema, Bwana huyatunza maua bila maji. Nalipenda mno hilo! Basi usiache saa yako ya sala. Ukikosa maneno, soma Yohana 20:11-16 polepole, hasa pale Maria Magdalena anapoitwa na Yesu kwa jina lake.