Kwa wadogo zangu mnaoanza kutafsiri: run ya Kiingereza haikimbii kila mara

Wiki hii nimehariri kazi ya kijana mmoja mwenye kipaji, nikakuta "mkataba huu utakimbia kuanzia tarehe 1 Januari". Utakimbilia wapi, jamani? Kesho yake nikapokea kipeperushi cha afya: mama ampeleke mtoto kituoni haraka "akiwa anaendesha homa". Muuguzi akisikia mtoto anaendesha, haulizi homa tena, anatafuta ORS, maji ya mtoto anayeharisha. Nawapenda, lakini kwa mwendo huu mtanizeesha kabla ya wakati. Kaeni chini tuzungumze.

1. Msianzie kwenye kamusi. Najua darasani mmeambiwa kinyume. Peter Gilliver wa ile kamusi kubwa ya Oxford alikaa na run miezi tisa, akatoka na maana 645, tena za kitenzi peke yake. Toleo la kwanza la kamusi hiyo lilipokamilika mwaka 1928, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa set. Run ikaja kulipora taji. Sasa wewe unafungua, unachukua maana ya kwanza, unaondoka nayo. Ya kwanza ni "kimbia", na kwenye matini za ofisini ndiyo utakayoihitaji kwa nadra kuliko zote.

2. Mjue ukoo wake. Hapa wengi husinzia. Kiingereza cha kale kilikuwa na rinnan, ambayo ilibeba kukimbia na pia kutiririka. Wajerumani hadi leo wametenganisha: rinnen ni ya maji, rennen ni ya miguu. Kwa hiyo Mwingereza akitumia run kwa bomba, kwa pua ya mtoto yenye mafua au kwa kitenge kinachochuja rangi, msidhani anapamba lugha. Maji yamo ndani ya neno hilo tangu zamani. Wakati wa corona mwaka 2020 running water tuliiandika "maji tiririka" kwenye mabango, na aliyeliokota neno hilo, hata kama hakujua, alirudi kwenye mzizi wenyewe.

Kisha Waskandinavia walipohamia Uingereza enzi za Waviking, walikuja na jozi yao: rinna, kitu kukimbia au kutiririka chenyewe, na renna, kukifanya kikimbie. Kiingereza kikazitia zote chungu kimoja. Sisi jozi ya namna hiyo tunayo hai, wala hatuioni: kimbia na kimbiza, enda na endesha. Kwa hiyo mkikutana na run, ulizeni kwanza: kitu kinakwenda chenyewe, au kuna mtu anakipeleka? Duka linaendeshwa. Barabara inapita. Filamu inaonyeshwa. Kauli za vitenzi mlizokariri kwa ajili ya mtihani ndizo zitakazowalisha mjini.

3. Angalieni mwendo unaelekea wapi. Hili linaniuma hadi leo. Ilikuwa semina ya viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, mimi ndiye mkalimani, nimo kabini, mkufunzi Mwingereza anaeleza jinsi benki zinavyoanguka. Akafika kwenye benki ya Uingereza, Northern Rock, Septemba 2007, akasema kulikuwa na run on the bank. Nikamwaga bila kusita: "Watu wakaikimbia benki."

Ukikikimbia kitu kwa Kiswahili, umekipa kisogo. Mtu hukimbia vita, hukimbia deni. Watu wa Northern Rock walifanya kinyume chake: walipanga foleni nje ya matawi, kila mmoja anataka pesa zake kabla hazijaisha, jambo ambalo Uingereza haikuwa imeliona kwa karibu miaka 150. Walizikimbilia pesa zao. Silabi moja, li, nami niliimeza.

Mwekahazina mmoja, mama wa makamo mwenye daftari la mistari, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama wateja wameikimbia benki, pesa zao si wameziacha humo humo? Benki si ndiyo imefaidika?" Swali safi kabisa. Nami, bado sijashtuka, nikalipeleka kwa Kiingereza vilevile. Mkufunzi akapigwa na butwaa, kisha kwa upole wote akaanza kufafanua maana ya amana, mbele ya watu wanaoshika amana za wenzao mwaka mzima. Ukumbi ukanuna. Mwenzangu wa kabini akanisukumia karatasi, herufi kubwa: WANATOA PESA.

Hapo ningefungua kinywa niseme "sahihisho la mkalimani", yakaisha. Niliona haya. Nikachomeka "kuzikimbilia pesa" kwenye sentensi iliyofuata, kimyakimya, kana kwamba ni habari mpya, nikaendelea. Mama yule alifunga daftari lake na hakuuliza tena hadi jioni. Ukumbi mzima ulimwona hajui kitu, wakati ambaye hakujua alikuwa nyuma ya kioo amevaa vipokea sauti.

4. Mengine haraka. Mkataba huanza kutumika au hudumu. Homa, mtu anayo. Ugonjwa uko kwenye ukoo. Uchaguzini mtu hugombea, na running mate ni mgombea mwenza, msibuni lingine. Kwenye hati za ardhi, sharti linalorun na ardhi huambatana nayo hata ikiuzwa. Ukikosea hapo ujue watu wataonana mahakamani.

5. Mashine za kutafsiri. Sikatazi, hata mimi naitumia. Kwenye sentensi kamili siku hizi run inaipata vizuri tu. Itawaangusha kwenye vipande: majedwali, vitufe, neno limekaa peke yake halina hata mtenda. Hapo muulizeni mteja. Juzi mmoja wenu alihofia kuonekana mgeni, akaandika "Kimbia" kwenye kitufe cha kifaa cha kupimia damu. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikamwandikia mteja, akanijibu kabla chai yangu haijapoa: kitufe kinaanzisha kipimo.